Glavu za Chiriku

Mimi ndiye niliyezishona, sina wa kumlaumu. Glavu mbili za flana, sponji ndani, kamba ya kufungia kwenye kifundo cha mkono. Mimi ni fundi cherehani, watu wananiletea magauni ya harusi, basi zikatoka safi, hata wifi yangu akasema, "Jamani, mikono yako ina baraka."

Binti yangu ana miaka tisa na ana usonji. Tulimwita Chiriku alipokuwa na mwaka mmoja, maana alikuwa na domo hilo, we acha tu! Kisha maneno yakaisha, jina likabaki. Mwanzoni mwa mwaka huu akaanza kujipiga ngumi shavuni. Usiku halali, chakula hali, na shuleni akamng'ata mwalimu. "Mama Chiriku," mwalimu akaniambia, "akiendelea hivi hatutamuweza." Wifi, ambaye kila siku ana jipya, akasema ni maziwa. Nikakata maziwa. Akasema ni ngano. Nikakata ngano. Zahanati wakanijibu bila hata kumfungua mdomo, "Usonji huo, mama, ndivyo walivyo." Ndipo nikashona glavu.

Miezi mitano alizivaa. Michubuko ikapona shavuni, nami nikajipongeza, mjinga mimi.

Wiki iliyopita shavu likavimba. Daktari wa meno akampa dawa ya usingizi, akang'oa gego lililooza mpaka mzizi, usaha mtupu. Akaniita pembeni. "Dada yangu, jino hili lingemtia wazimu hata mimi. Mwili ukiumwa hivi, ubongo nao hautulii. Na mtoto alikuwa anakuonyesha mahali penyewe."

Mahali penyewe! Niliketi kwenye benchi, nikalia mbele za watu.

Siku sita Chiriku alilala, akala, akakaa kando ya cherehani akipanga vifungo kwa rangi, anaguna kwa raha zake. Nikasema yamekwisha.

Leo asubuhi ameanza kugonga kichwa ukutani. Nimemvuta, nimemfungua mdomo, kidonda kimefunga vizuri. "Ni sikio? Ni tumbo? Nionyeshe basi, mama, nakuomba." Nikambonyeza hapa, nikambonyeza pale. Akanishika mkono. Nikajua sasa ananipeleka panapouma.

Akautoa mwilini mwake, akauweka juu ya paja langu, akarudi ukutani.