Jibu Nililolitoa Juu ya Jukwaa

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu ya alfajiri yalikatika ghafla, jua likatoka, na mabomba ya jukwaa letu la kupakia rangi ukutani yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Moyo ulinidunda kwa furaha hata nikavaa ovaroli nyuma mbele.

"Mtazameni msomi wetu!" Kifupi akaangua kicheko. Kifupi ni rafiki yangu, mrefu kuliko milango mingi. "Shule ya jioni imemfundisha kuvaa kinyume!"

"Mwache, kaka," alisema Mama Rangi, mchanganyaji wetu wa rangi. "Mimi mwenyewe leo nimewaaga watoto mara tatu. Wamenifukuza."

Ilikuwa siku yetu ya kwanza kurudi kazini, miezi mitano tangu tuanguke watatu kwa mpigo kutoka ghorofa ya pili. Kifupi alivunjika mguu, Mama Rangi mbavu, mimi bega. Watu walisema ni muujiza, nami niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini amina ile ilikuwa na mwiba ndani.

Sisi wapaka rangi hatukanyagi ubao hivi hivi. Anayetaka kupita huita, "Ubao!" Mwenzake huushika kwanza, ndipo hujibu, "Umeshikwa!" Siku ile Kifupi aliita. Nami nilikuwa nimefumba macho, viganja vimeelekea juu, nikiuombea mtihani wangu. Nikajibu "Umeshikwa!" kwa mazoea, bila kuushika. Ubao ukafyatuka, ukatuzoa sote.

Sasa Kifupi alikuwa amekanyaga kipandio cha kwanza. "Haya, msomi, nifuate!"

Nikipanda nimenyamaza, atauamini mkono wangu tena. Nikisema, huenda nisipande naye kamwe.

"Shuka kwanza," nikamwambia. Nikaeleza yote, bila kujipunguzia hata chembe.

Alishuka polepole, akanitazama, kisha akautazama mguu wake.

"Miezi mitano umeniletea machungwa," alisema, "mpaka nikayachukia. Kumbe ulikuwa unaniziba mdomo!"

"Nilikuwa najiziba mimi."

"Mungu ulimwambia?" aliuliza Mama Rangi.

"Kila alfajiri, dada."

"Na sisi tuliolala nawe hospitalini, ulituona wageni?"

Machozi yalinitoka, na ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi, kana kwamba mtu amenifungulia dirisha. Msimamizi wetu wa kazi alisogea kusikiliza. Muuza chai wa pale chini akaacha kumimina.

Kifupi alinisukuma begani, kwenye bega lile lile bovu, si kwa upole sana. "Bado nina hasira," alisema. "Lakini kupanda bila wewe siwezi, nimejaribu kuwaza hivyo. Kwa hiyo niahidi hutarudia. Sema wote hawa wasikie."

Nikavua kofia. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia, hata njiwa wakaruka kutoka paani:

"Mungu ni shahidi, nanyi pia. Sala zangu nitazisali chini. Nikiwa juu, macho na mikono yangu ni yenu."