Mnufaika wa Kwanza

Siku Sostenes aliposema anataka kujifunza kuandika programu za bodi, zile kompyuta ndogo za kiganja zinazofungwa ndani ya vifaa, mkuu wa idara alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kuku anataka kuogelea. Sostenes hakuwa akiona tangu ana miaka minne. Alisoma Buigiri, shule ya wasioona, akafaulu, akapata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Dodoma, na huko wakampangia masomo ya kupokea simu.

Aliyemsikiliza ni Adija, fundi wa maabara, mwenyeji wa Kondoa aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda.

"Unataka kutengeneza nini?"

Sostenes aligusa kovu lililokuwa kwenye paji la uso. "Fimbo inaniambia habari za chini, dada. Za juu hainiambii. Hili ni bati la kibanda cha chipsi, pale karibu na stendi. Nataka kitu cha kuvaa kifuani, kinitetemekee kabla sijafika."

Wakaanza. Kuiandaa kompyuta peke yake kuliwala wiki tatu. Programu waliyotumia wenzake ilikuwa ya kubofya vipicha. Ile sauti inayomsomea Sostenes maandishi ya kwenye kioo ilipofika hapo ilikuwa bubu. Adija akaiondoa programu hiyo, akaweka zana zinazoendeshwa kwa kuandika amri, mstari kwa mstari, na sauti ikapata cha kusoma. Kisha kompyuta ikakataa kuitambua bodi. Walibadilisha draiva, programu ya kuiunganisha bodi na kompyuta, mara nne, wakazima na kuwasha, mpaka Sostenes alipoupapasa waya akasema, "Huu mbona mwembamba? Si wa kuchajia simu tu huu?" Kweli, ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi kitu kingine. Walipochomeka mwingine kompyuta ililia, na Adija akapiga kigelegele maabara nzima ikawageukia.

Programu yenyewe Sostenes aliiandika kwa miezi miwili, herufi kwa herufi. Kosa likitokea, sauti ilimtajia mstari, naye akarudi kulisaka. Siku kifaa kilipomtetemekea hatua mbili kabla ya tawi la mwarobaini, alisimama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Habari zikafika ofisini. Chuo kilikuwa kinajiandaa kwa maonyesho na wageni wakubwa walitarajiwa. Mkuu wa idara, Mwalimu Wambura, akamwita Adija. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kifaa kitaonyeshwa. Brighton wa mwaka wa tatu ndiye atakayekieleza."

"Aeleze nini? Brighton hajawahi hata kukishika."

"Anajua kuongea na wageni, Sostenes. Na wewe utakuwepo. Nyamaza kwanza, mambo yapite. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao."

Sostenes akakubali. Alidhani kuwepo maana yake ni kusimama kando ya Brighton.

Siku ya maonyesho wakamkalisha safu ya mbele. Akamsikia Brighton akisema "sisi wabunifu", maneno yakimtoka kama aliyekaririshwa. Halafu mshereheshaji akapaza sauti: "Na sasa, mnufaika wetu wa kwanza!" Mkono ukamshika kiwiko, ukampandisha jukwaani. Mgeni rasmi akamvisha kifaa shingoni. Vidole vya Sostenes vikakutana na utepe alioufunga mwenyewe kwenye nyaya.

"Unajisikiaje, kijana wetu?" mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti.

"Programu yake nimeiandika mimi," alisema Sostenes.

Mshereheshaji akacheka. "Mnamsikia? Anasema imeandikwa kwa ajili yake!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alifungua mdomo tena, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondoka. Watu wakamsogelea kupiga naye picha, na kifaa kikamtetemekea kifuani bila kukoma, kwa sababu ndivyo alivyokiandikia: mbele yako pamezibwa.

Jumatatu alikwenda maabara, akawasha kompyuta. Sauti haikutoka.

"Walizisafisha zote, wakafuta kila kilichokuwemo, kabla ya wageni, zionekane mpya," alisema Adija nyuma yake.

"Na programu yangu?"

"Anayo Brighton kwenye flashi. Wanaiombea ufadhili. Nisamehe, Sostenes. Mkataba wameniongezea mwaka."

"Hongera, dada."

"Nitakuwekea zana zote upya. Leo hii."

"Niwekee sauti tu. Mengine nitaweka mwenyewe."

Adija akaketi, akaiweka. Alikosea mara mbili, akaanza upya, na muda wote huo Sostenes alisimama kando ameshika fimbo kwa mikono miwili. Sauti ilipozungumza, Adija akanyanyuka, akabaki amesimama kama anayengoja kuambiwa neno.

Sostenes akavuta kiti.

"Ukitoka," alisema, "funga mlango."