Honi Akaukiwa na Sauti

Wafanyakazi wa ule mgahawa wa kuku na chipsi walimwita meneja wao Honi. Kwa siri, lakini, maana mbele yake nani angethubutu? Mwanamke yule alijaliwa koo! Akiita "Chipsi mbili!" pale kaunta, hata mpita njia wa ng'ambo ya barabara alishtuka. Roho mbaya hakuwa nayo, jamani. Aliamini tu kwamba mtu asipokemewa hafanyi kazi.

Basi watu wakawa wanaondoka. Mwezi ule wawili walishavua aproni na kumkabidhi mkononi, na mwenye mgahawa, mzee mpole wa maneno machache, alimwambia waziwazi: "Mwanangu, akiondoka mmoja tena, umeneja basi. Unarudi kaunta." Na Mama Karai, mkaangaji wao mkuu, alikuwa ameshatangaza kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho. Meneja alikosa usingizi.

Jumamosi asubuhi akafungua mdomo kumwamkia mama yake, kukatoka mkwaruzo tu. Mama akacheka hadi akashika meza.

"Koo nalo limeomba likizo! Nenda hivyo hivyo, mwanangu, wala usililazimishe."

Kazini alilionyesha koo kwa kidole, akatikisa kichwa. Wakaelewa. Furaha iliyowapita usoni, we acha tu!

Mchana foleni ikafika mlangoni. Meneja akaona chipsi za karai la pili zinaanza kuungua, akavuta pumzi apige kelele, wapi! Kabla hajafika, kaka wa vinywaji alishanyanyua kikapu cha waya chenye chipsi kutoka mafutani. "Hizi niachie mimi, Mama Karai, wewe malizana na kuku." Kumbe walikuwa na macho siku zote! Meneja akasimama kama mgeni katika jiko lake mwenyewe, akaona haya. Akavaa glavu, akaanza kupakia chakula.

"Bosi, funga kwa juu, sio pembeni," Mama Karai akamwambia. "Mchuzi utamwagikia wateja."

Akafunga kwa juu. Alitaka kushukuru, sauti hana, basi akamshika bega. Mama Karai akamkodolea macho. Miaka yote ile yule bosi hakuwahi kumgusa bega, labda kumsogeza apishe njia.

Jioni meneja akaingia stoo kutafuta vifuniko vya vikombe. Katoni likamwangukia mguuni.

"Mama yangu we!"

Sauti nzima, nene, ya Honi yule yule. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Aliposikia huko nje kimya, akarudi jikoni akichechemea, akalionyesha koo lake kwa kidole na kutikisa kichwa kwa huzuni. Kila mtu aliinamia kazi yake, ila mabega ya dada wa kaunta yalikuwa yanatikisika.

Zamu ikaisha. Mama Karai akavua aproni, akaikunja, akaja nayo. Meneja akanyoosha mkono kuipokea, angefanyaje? Siku nzima alikuwa akijiambia kwamba kurudi kaunta si kufa, lakini kumkosa huyu mama kungemuuma kweli.

Mama Karai akampita, akaitundika aproni kwenye msumari wake wa siku zote.

"Kesho nakuletea tangawizi, bosi," akasema. "Ila usiharakishe kupona."

"Asante, Mama Karai," meneja akanong'ona. Machozi yalikuwa karibu.

"Na mguu nao ukandwe. Maana ule ukelele wa stoo, hata wateja waliusikia."

Jiko zima likaangua kicheko. Meneja naye akacheka, akacheka kwa koo lake lote, mpaka vifuniko vya sufuria vikalia. Safari hii hakuna aliyeshtuka.