Pedi Alizozipima Machibya

Ruksa ya biashara huria ilipoingia Mwanza, kila kitu kiliingia nayo, na vingi havikupiga hodi. Ziliingia betri zilizokufa kabla tochi haijawaka, zikaingia kufuli zilizofunguka kwa msumari, zikaingia redio zilizoshika stesheni moja tu, tena ya nchi ambayo hata lugha yake hakuna aliyeitambua. Watu wa mtaa wa Kirumba walinunua, wakalia, wakanunua tena. Halafu Ndalahwa akaleta gemu.

Huyu Ndalahwa alikuwa mfanyabiashara mwenye duka karibu na uwanja wa mpira. Zamani aliuza nyavu na chambo, mtu wa kawaida kabisa, anayesalimiana na watu. Kisha akapanda ndege mara moja kwenda Dubai, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Safari hiyo alirudi na maboksi mia mbili ya mashine za kuchezea gemu kwenye televisheni, mpya, za bei ambayo hata mwalimu angeimudu. Ndani ya kila boksi mlikuwa na mashine ya plastiki, kaseti, na vishikio viwili vyenye batani, ambavyo vijana waliviita pedi. Boksi lilijigamba kwamba mna gemu elfu tisa. Zilikuwa saba.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu walikuja dukani, wakashika, wakageuza, wakauliza, "Si feki hii?" wakaondoka. Wiki mbili zilipita bila boksi hata moja kutoka. Ndalahwa akakaa akafikiri: katika mji huu mzima, ni nani akisema kitu kizuri watu wanaamini? Jibu lilipomjia, alifunga duka mchana kweupe akaenda Mkolani kumtafuta mzee Machibya.

Mzee Machibya alikuwa mkaguzi wa pamba wa ushirika kwa miaka thelathini na mmoja, upande wa Magu. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama mbele ya pamba ya mkulima na kutamka neno. Safi, yaani daraja la kwanza, au fifi, yaani pamba hafifu. Alichota konzi, akainusa, akavuta nyuzi kwa vidole gumba viwili mpaka zikatike, akatamka. Akishatamka, hapana rufaa. Wapo wakulima waliochomeka mawe katikati ya pamba ili mizani iseme uongo, na wapo waliomwagia maji, na wote aliwakamata kwa mkono tu, bila hata kufungua furushi. Hakuwahi kupokea jogoo wala asante. Magu nzima walisema, akishasema Machibya, mizani inyamaze.

Kisha soko likawa huria. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakanunua safi na fifi kwa pamoja, wakazichanganya kwa koleo, na Machibya akapunguzwa kazi kwa barua ya mistari minne. Alirudi nyumbani Mkolani akakaa barazani. Njaa haikumuuma, mkewe Justa alikuwa na shamba na bidii. Kilichomuuma ni kwamba watu walipita wakasema "shikamoo mzee" kama wanavyomwambia mzee yeyote. Jina lake, ambalo lilikuwa linatikisa Magu, lilikuwa linakufa polepole naye yu hai, na hilo lilimnyima usingizi kuliko kitu kingine chochote.

Basi Ndalahwa alipofika akasema, "Shikamoo mzee. Mwanza inakuhitaji," mzee wa watu alifanya nini? Aliingia ndani akavaa koti la kazini.

Justa alimfuata mpaka mlangoni. "Baba nanihii, wewe gemu unaijua?"

"Mkaguzi wa pamba si lazima ajue kushona shati, mama," akajibu. "Anaangalia pamba."

"Haya," Justa akasema. "Mimi simo."

Dukani, Machibya aliagiza meza itandikwe kitambaa cheusi na isogezwe karibu na dirisha, kama ilivyokuwa ofisini kwake. Wateja wakajaa mlangoni kutazama. Akatoa mashine ya kwanza. Akainusa. Akagonga plastiki kwa kucha, akasikiliza. Waya wa pedi akaushika kwa vidole gumba viwili, akauvuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na waya haukukatika. "Uzi mrefu," akasema, kama alivyozoea kuisifu pamba bora, na watu wakaguna kwa heshima. Kisha akaipima pedi yenyewe mkononi. Ndalahwa akamletea na pedi ya duka la jirani ili alinganishe. Ile ya jirani ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Hii ya Ndalahwa ilikaa kiganjani, nzito, imetulia.

"Pamba ikiwa nzito, mshuku mkulima," Machibya akatamka polepole, "na mashine ikiwa nyepesi, mshuku fundi." Msemo huo aliutunga palepale, lakini aliusema kama aliourithi kwa babu yake.

Kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Mzee, huiwashi kwanza?"

"Kuwasha ni kazi ya mnunuzi," akajibu Machibya bila kugeuka. "Safi!"

Eti safi! Ndalahwa alikuwa ameshachonga mhuri. Maboksi yote mia mbili yakagongwa kwa wino wa bluu: SAFI – MACHIBYA. Kizuri chajiuza, lakini kibaya kikipata mdhamini mwenye jina hujiuza mara mbili. Watu walitoka Igoma, wakatoka Magu na Misungwi, wakavuka na kivuko kutoka Sengerema, na hawakuuliza bei wala gemu ni ngapi. Waliuliza, "Ni ile ya Machibya?" Naye mzee alikaa kwenye kiti mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, akisalimiwa kwa jina. Alinenepa kwa siku kumi tu.

Siku ya kumi na moja maboksi yakaanza kurudi.

Malalamiko yalikuwa yaleyale. Pedi, batani zake zilikwama. Ukibonyeza kulia mara moja, mtu wa kwenye gemu alikwenda kulia milele. Kwenye gemu ya mpira mshambuliaji alitoka uwanjani na mpira wake, asionekane tena. Kwenye ile ya kuruka mashimo, kamtu kalikimbia kakatumbukia, kakafufuka, kakatumbukia tena. Wengine walidai pedi ya pili haikuwa na la kusema kabisa.

Ndalahwa hakukosa majibu. Aliwaambia pedi ni ngeni, haijazoea hewa ya ziwa. Aliwaambia ni kama ndama, lazima ifundishwe. Majibu hayo yalipochakaa, alimwinamia Machibya sikioni. "Mzee, waambie wanabonyeza vibaya. Wewe watakusikia."

Na hapa ndipo penye aibu ya habari yenyewe, maana Machibya alikubali. Hakukubali kwa tamaa. Alikubali kwa sababu katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kubadilisha daraja, na hakujua jinsi linavyobadilishwa. Alisimama mlangoni akawafokea watu wazima. "Vidole gani hivyo? Hiki si kinu cha kutwangia! Mnabonyeza kama mnaua kunguni!" Watu wakaangalia vidole vyao wakaona haya, wakabeba maboksi yao wakaondoka. Nyani haoni kundule.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Kija, mkulima wa Magu, mjane wa makamo ya Machibya mwenyewe, aliyemjua tangu enzi za ushirika. Alikuja amekumbatia boksi lililofungwa kwenye khanga. Watu kadhaa walikuwa dukani. Alipiga goti kidogo, akasalimia, na badala ya kulalamika akaanza kuomba msamaha.

"Bwana mkaguzi, nimekuja na aibu. Wajukuu zangu wameharibu kitu chako. Kinakwenda chenyewe upande mmoja. Yule mkubwa ameapa kwamba hakugusa, lakini mimi nikamwambia, mwongo wewe, Machibya amesema ni safi. Nimemchapa mpaka akashindwa kukaa. Sasa nionyeshe namna ya kubonyeza, nikawafundishe."

Machibya alilitazama lile boksi kwenye khanga. Wengine wote walikuja kumshtaki, na akawashinda. Huyu alimwamini, na mtoto akachapwa kwa ajili ya neno lake.

"Leta," akasema.

Televisheni ya duka ilikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, mzee Machibya alichomeka mashine akaiwasha. Muziki ukalia, kamtu kakatokea. Akaweka kidole gumba kwenye batani, akabonyeza kwa upole, kama anayemshika kifaranga, akaachia. Kamtu kakakimbia, kakatumbukia. Akabonyeza tena, kwa upole zaidi. Kakatumbukia.

Ndipo akailaza pedi juu ya kitambaa cheusi na kuinua mikono yake yote miwili hewani, watu waione. Duka zima likatazama. Pedi imelala, hakuna anayeigusa, na kamtu kale kanakwenda zake kulia, mbio, kanatumbukia, kanafufuka, kanakwenda.

"Mzee, labda umeme..." Ndalahwa akaanza.

"Nipe bisibisi."

Alifungua skrubu moja moja. Ndani, jamani! Palikuwa na kibati chembamba, nyaya mbili tatu, na vipira vya batani vilivyokwisha kunata kama ubuyu. Na katikati, kimegandishwa kwa gundi, palikuwa na kipande cha chuma kinene, hakijashikana na waya wowote, hakina kazi yoyote duniani isipokuwa kuwa kizito.

Mama Kija alikaribia akachungulia. Alikitazama kile chuma, akamtazama Machibya, na hakuwa na kejeli hata chembe usoni. "Kumbe na huko viwandani," akasema, "wanatia mawe."

Hakuna aliyecheka. Machibya aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Mtu aliyekamata mawe ya Magu nzima gizani, kwa mkono mmoja, alikuwa amepewa jiwe la waziwazi akalisifia. Akachukua kalamu. Ndalahwa akaona anachotaka kufanya, akamdaka mkono.

"Mzee, usifanye hivyo! Jina lako!"

"Ndiyo, jina langu," Machibya akasema, "niachie." Akafuta neno la kwanza kwenye boksi na juu yake akaandika, kwa mwandiko wa ofisini, FIFI. Akamgeukia Mama Kija. "Kamwambie mjukuu wako kwamba mkaguzi alikosea. Mwambie hivyohivyo, usipunguze." Halafu akatoa kiti chake nje, akakaa siku tatu juani, na kila boksi lililorudi alilifuta akaandika FIFI, akiomba radhi kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Siku ya nne alirudi Mkolani. Justa alimwona anavyolivua lile koti, akampelekea maji ya kuoga.

Sasa utadhani Ndalahwa alifilisika. Wapi! Mtu wa soko huria hafilisiki kwa ukweli, anautafutia bei. Aliteremsha bei nusu, akaandika ubao: HAPA TUNAUZA FIFI HALISI. Watu waliochoka kudanganywa walifurahi sana kuambiwa kweli, wakanunua maboksi yote, yale ya kurudi na yale ambayo hayajatoka, na akaagiza mengine mia tano kutoka kwa fundi yuleyule. Hayo nayo aliyagonga kwa mhuri uleule, kwa kuwa kuchonga mwingine ni gharama.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Justa alimtuma mzee wake chumvi dukani. Njiani, kwenye baraza ya nyumba moja hapo Mkolani, watoto watatu walikuwa wamebanana mbele ya televisheni ndogo, wanagombana.

"Mimi sishiki machibya! Jana nilishika mimi!"

"Zote ni machibya, wewe shika tu!"

Mzee alisimama. Watoto walipomwona wakanyamaza, kwani walikuwa na adabu. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Machibya ndiyo nini?"

Aliyejibu alikuwa binti wa miaka kama minane, mwenye pengo, na alimweleza kwa subira, kama mtu anavyowaeleza wazee mambo ya siku hizi. "Ni pedi mbovu, babu. Unabonyeza hivi, yenyewe inakwenda vile. Kila kitu kinachokwama ni machibya. Hata baiskeli ya baba ni machibya."

"Nani alikwambia inaitwa hivyo?"

"Si ndilo jina lake la kiwandani! Limeandikwa kwenye boksi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa. Chumvi ilikuwa bado dukani na jua lilikuwa linapanda.

"Babu," binti akauliza, "wewe unaitwa nani?"

Mzee yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu neno lisilo kweli kwa kukusudia, aliangalia barabarani, kisha akamwangalia mtoto.

"Shimba," akasema. "Mimi naitwa Shimba."