Meza za Mataifa

Mwalimu Vicent alipokuja dukani kuazima vyombo, Rahma alidhani anatania. Mwalimu wa historia ana kazi gani na vikombe, sufuria na kufuli?

"Nataka wanafunzi wayaone maonyesho ya London ya mwaka 1851, Mama Mujahid," alimwambia Rahma. "Mataifa yalikutana kwenye jumba la vioo, kila moja na vitu vyake. Si dhahabu na mashine tu. Watunisia walileta viatu na mikeka, Wamarekani wakaleta kufuli."

"Na watu wakalipa kiingilio kutazama kufuli?"

"Mamilioni."

Rahma alicheka sana, lakini akakubali. Kwa kuhofia vikombe vyake, alifunga duka akafuatana naye shuleni.

Darasani alipigwa na butwaa. Wanafunzi walikuwa wametandika vitenge juu ya madawati, kila nchi na meza yake. Kikombe alichokifuta vumbi kila asubuhi bila kukitazama kilisimama peke yake kwenye mwanga wa dirisha. Akakizunguka. Kumbe kuna mtu alikaa akaufikiria mkono wa kikombe, namna ya kuupinda ili kidole kisiungue!

"Na meza yetu iko wapi?" aliuliza.

"Sisi hakuna aliyetualika wakati ule," alijibu mwalimu.

Rahma akampigia simu Mama Sadock wa kijiji cha Nakwa, anayeuza vibuyu vya maziwa kando ya duka lake, alete kimoja. Walikuwa majirani wa biashara kwa miaka mingi, na Rahma hakuwahi kushika hata kibuyu kimoja.

Mama Sadock alifika kwa bodaboda, kibuyu amekipakata.

"Hiki nacho ni cha maonyesho?" aliuliza kwa aibu.

Wanafunzi walikizunguka wakinusa harufu ya moshi ndani yake. Rahma alikipokea, akashangaa kilivyo chepesi. Ubavuni palikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi, mishono midogo, imebana, imenyooka.

"Umeshona wewe?"

"Mimi. Kilipasuka, nikakihurumia."

"Mama Sadock! Siku zote hizi tunakaa pamoja, na mikono yako ina kazi kama hii!"

Mwenzake aliinamisha uso, akitabasamu.

Jioni walirudi kwa miguu. Rahma aliuliza ni mti gani hutumika kufukizia kibuyu, na Mama Sadock, ambaye si msemaji, alieleza kwa kirefu hadi wakapitiliza duka.