Nishikie, Nivute Pumzi

Vathiswa alipougua koo siku ya onyesho la kwanza, Phelokazi alikimbilia chooni, akafunga mlango, akacheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaona haya. Kisha akacheka tena.

Alikuwa mwimbaji wa akiba katika jumba la opera pale Cape Town. Kazi ya mwimbaji wa akiba ni kuijua sehemu ya mwenzake neno kwa neno, halafu kukaa akingoja mwenzake apatwe na baya. Ni kazi inayoweza kumtia kijicho hata mcha Mungu, na Phelokazi alikuwa nacho tangu zamani. Yeye na Vathiswa walikuwa soprano wa kwaya moja ya kanisa kule Mdantsane, walisimama bega kwa bega safu ya mbele tangu wakiwa wasichana wa soksi nyeupe.

Kwaya ile ilisifika kwa noti ndefu. Siri yake ilikuwa ndogo tu: waimbaji walipokezana pumzi wawili wawili. Pumzi ikikuishia, unamgonga mwenzako mgongoni kwa kidole, mara tatu. Yeye anaishikilia noti, wewe unavuta hewa na kurudi, kisha naye anapumua. Msikilizaji hauoni mshono. Siku ya mashindano makubwa, Vathiswa ndiye aliyegonga na Phelokazi ndiye aliyeshikilia. Lakini jaji alipoinuka, alimnyooshea kidole yule mrefu mwenye vishimo mashavuni.

"Huyu," alisema, "ana pumzi ya ajabu."

Kwa neno hilo Vathiswa alipata nafasi ya kusomea uimbaji chuo kikuu. Phelokazi alifuata mwaka uliofuata. Tangu hapo alikuwa mtu wa kufuata: Vathiswa akiimba malkia, yeye mjakazi, Vathiswa akialikwa Ulaya kwa matamasha, yeye anamwagilia maua yake. Walikuwa chanda na pete, watu walisema. Hakuna aliyeuliza chanda kinajisikiaje pete inapong'aa.

Lakini leo koo la Vathiswa lilikuwa limekufa, na mama yake Phelokazi alikuwa amesafiri kwa basi toka Mdantsane na kopo la amagwinya, maandazi yake mwenyewe, mapajani.

Mwongozaji wa onyesho, Lungelo, alimkuta ukumbini.

"Phelo, dada yangu, sehemu ya Malkia unaijua?"

"Kaka Lungelo, niamshe usingizini nikuimbie."

"Safi. Basi utaimba. Vathiswa ataigiza."

"Ataigiza nini?"

"Koo limekwenda, miguu ipo. Atakuwa jukwaani anafungua mdomo, wewe utasimama pembeni na stendi yako ya noti, uimbe. Usinitazame hivyo! Picha yake imebandikwa mji mzima. Na zile ngazi za tendo la tatu hujawahi kuzipanda na lile gauni, utaniangukia."

"Mama yangu amekuja."

"Atakusikia."

"Kunisikia ananisikia kwenye simu, kaka. Amekuja kuniona."

Lungelo alimpiga begani kidogo, kama anayemtuliza farasi, akaondoka.

Katika chumba cha kuvalia, Mama Doreen, fundi wa nguo, alikuwa akimfunga Vathiswa gauni jekundu. Bakuli la umhlonyane, majani machungu ya kujifukiza, lilikuwa likitoa mvuke mezani.

"Haya, huyu hapa bibi harusi wa sauti," alisema Mama Doreen. "Mmoja anavaa gauni, mwingine anasema 'nakubali'. Mume atalala na nani, mimi sijui."

Phelokazi hakucheka. Vathiswa, aliyekatazwa hata kunong'ona, alianza kuzungumza kwa mikono.

"Anasema asante," alitafsiri Mama Doreen. "Au anataka chai. Vidole vyake vina lafudhi ya Ulaya."

Vathiswa alitikisa kichwa. Alimgeukia Phelokazi, akaushika mkono wake, akataka kuupeleka mgongoni kwake mwenyewe, pale pa zamani. Phelokazi aliuchomoa.

"Utanichafua kwa poda," alisema.

Opera ile, *Malkia Mfungwa*, ilikuwa kwa Kiitaliano, nao walikuwa wakiimba Kiitaliano tangu kabla ya kujua maana yake. Phelokazi alisimama kando ya jukwaa, nusu ndani ya pazia, amevaa gauni jeusi, taa ndogo ikimulika noti zake. Mama yake alikuwa safu ya tano. Kila alipomtazama alimkuta anaangalia katikati ya jukwaa, kama watu wote.

Hapo kijiba cha roho kilimpanda.

Katika wimbo wa kwanza alishikilia noti moja kupita kiasi, makusudi. Kiongozi wa okestra alimtazama, akamfuata. Jukwaani Vathiswa alikuwa ameshafunga mdomo, na sauti bado inatoka. Mtu akacheka ukumbini. Phelokazi alisikia utamu ukimshuka kifuani kama asali. Akarudia. Safari hii alichelewa kuanza, Malkia akabaki ameachama. Vicheko viliongezeka. Vathiswa alilikunja pindo la gauni kiganjani, lakini hakugeuka kumtazama.

"Wewe mtoto, unafanya nini?" Lungelo alinong'ona toka nyuma ya pazia wakati wa makofi.

"Naimba, kaka. Si ndiyo kazi niliyopewa?"

Wimbo wa mwisho ndio uliokuwa na noti ndefu, ile ambayo watu hulipia kiingilio kuisikia. Malkia anashuka ngazi, anapiga magoti ukingoni mwa jukwaa, anaaga dunia. Pale magotini Vathiswa alikuwa hatua mbili tu toka stendi ya Phelokazi. Phelokazi alikuwa ameshapanga: ataishikilia noti ile mpaka mwenzake aonekane kama samaki nchi kavu.

Aliianza vizuri, laini, ikakua. Lakini hasira ni mlaji mkubwa wa hewa. Zile noti alizozivuta kwa kukomoa zilikuwa zimemchosha mbavu, naye hakujua mpaka alipofika katikati na kukuta kifua kitupu. Noti ilianza kutetemeka. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Akamwona mama yake akiinamisha kichwa.

Hakuamua. Kidole chake kiligonga mbao za stendi, mara tatu.

Na Vathiswa hakuamua pia, au kama aliamua hakuchukua muda. Mgongo wake, uliokuwa wazi katika gauni lile, ulijaa hewa. Sauti ikatoka kwenye koo lililokatazwa, nyembamba, yenye mikwaruzo, uzi tu wa sauti. Lakini ilikuwa pale pale, kwenye noti ile ile. Phelokazi alivuta pumzi. Akarudi, akaipokea, akaifikisha mwisho.

Watu walisimama. Walipiga vigelegele na kuita jina la ukoo wa Vathiswa, maana ndiye waliyemwona. Yeye aliinama mara moja, akatoka ameshika shingo.

Nje ya mlango wa wasanii, mama alimpa Phelokazi andazi kabla ya kumsalimu.

"Nimesikia watu wawili katika ile noti," alisema. Naye aliimba alto miaka mingi katika kwaya ile ile. "Umegonga, naye ameshika."

"Ndiyo, mama."

"Akiwa mgonjwa."

"Ndiyo."

"Ingekuwa yeye aliyegonga leo, Phelo, wewe ungeshika?"

Phelokazi aliuma andazi tena. Mama alimfuta unga mdomoni kama alivyomfuta akiwa mdogo.

Kwa sauti ile moja, koo la Vathiswa lilivuja damu. Daktari alimtaka akae bubu mpaka maonyesho yaishe. Lungelo alimwambia Phelokazi ajifunze ngazi. Basi alipata yote aliyoyataka: gauni, ngazi, katikati ya jukwaa, na mama aliyeahirisha safari ya kurudi nyumbani. Lakini Mama Doreen alipokuwa akimpunguzia gauni, Phelokazi aligundua kwamba bado ana wivu, na safari hii hakuwa akiitamani sauti ya Vathiswa wala vishimo vyake. Aliutamani ule uzi mwembamba, uliotolewa bila kuhesabu.

Jioni ya onyesho lililofuata, Vathiswa alikuwa nyuma ya pazia, amekaa kwenye kiti, skafu shingoni. Alilitazama gauni jekundu toka pindo hadi kifuani, na macho yake yakageuka makali. Phelokazi aliyatambua macho yale, kama mtu atambuavyo nguo yake ya zamani mwilini mwa mwingine.

Okestra ilikuwa ikijaribu vyombo. Phelokazi alipiga magoti, poda na yote, akaushika mkono wa mwenzake na kuuweka mgongoni kwake mwenyewe.

"Nakushikia tu," alisema. "Siku ukiweza kurudi, gonga."

Sehemu moja ya moyo wake iliomba siku hiyo isifike upesi. Vathiswa aliijua sehemu hiyo. Alikuwa anayo ya kwake. Akaacha mkono pale kidogo, bila kugonga, mpaka pazia lilipoanza kufunguka.