Chakula Kimefika

Mdogo wangu Prudencia alikula kutushinda wote, akakonda mpaka pete ikamdondoka kidoleni. Mama akasema jirani yetu hapa Buhongwa amemtupia kitu kinachokula kupitia mdomo wake, akazidi kumpakulia ndizi mpaka tukamzika.

Mimi nafundisha baiolojia, na habari hizo za uchawi zilinikera. Nikamshika Mama ubavu wa kulia.

"Ini liko hapa. Mtu akila, insulini huliambia kwamba chakula kimefika, na ndani ya seli zake jeni za kutengeneza sukari huzimwa. Prudencia alikuwa na kisukari, hakuwa na insulini. Jeni zile hazikuzimwa. Ini lilizidi kumwaga sukari kwenye damu, kana kwamba hajala."

Mama akauliza: "Kwa hiyo ini lake halikuambiwa?"

"Halikuambiwa, Mama."

Siku hizi jirani anasalimiwa vizuri. Lakini kila jioni Mama hupeleka sahani ya ndizi chumbani kwa Prudencia, huinamia godoro tupu, huweka kiganja pale ambapo ubavu wa kulia ungekuwa, na kusema taratibu: "Chakula kimefika, mwanangu. Chakula kimefika."